Bwana Sita na Kichujio cha Siku Moja

Kazi yangu ni kupima vumbi. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwajibu hivyo hivyo, halafu nasubiri wamalize kucheka. Nina chumba changu mwisho wa korido, hakina dirisha, kina milango miwili inayofuatana ili upepo usiingie. Katikati kuna meza ya jiwe, na juu ya meza kuna mizani inayoweza kukwambia kama umegusa karatasi kwa kidole ulichosahau kunawa. Ukiingia kwangu hupaki mafuta ya kunukia, huvai sweta linalomwaga manyoya, na huzungumzi ukiwa umeinamia mizani. Wenzangu wananiita Mama Mizani. Wakidhani sisikii wananiita majina mengine.

Huyu ninayetaka kumwelezea ni mwenzangu wa upande wa nje, mtu wa barabarani. Mtaa mzima wanamwita Bwana Sita, na jina lake la kwenye kitambulisho nadhani limebaki kwa karani wa mishahara peke yake. Ni mrefu, mwembamba, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Miaka kumi na tisa nimefanya naye kazi na sijamwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta katikati ya barabara. Ana tabia ya kunyamaza ghafla na kuangalia juu, ukadhani anatafuta neno, kumbe ameshamaliza kusema. Zamani ilikuwa inanikera. Mpaka leo inanikera, ila sasa najua anaangalia nini. Anaangalia hewa.

Kwenye makutano ya barabara kuu, mbele ya safu ya maduka, tuna kizimba cha chuma chenye ukubwa wa kabati. Ndani yake mna pampu, na juu ya paa umechomoza mrija wenye kichwa cha bati, mfano wa sufuria iliyofunikwa. Pampu huvuta hewa ya barabara saa ishirini na nne mfululizo na kuipitisha kwenye kichujio cheupe cha mviringo, upana wake sawa na mdomo wa kikombe kidogo. Hewa inapita, vumbi linabaki. Bwana Sita anakiweka kichujio siku moja kabla na kukitoa siku moja baada, anakifunika kwenye kisahani chake cha plastiki, anakileta kwangu. Mimi nilikipima kikiwa kitupu, nakipima tena kimeshiba, na tofauti yake ndiyo siku nzima ya barabara ile.

Lakini pampu haifanyi kazi kila siku. Inafanya kazi siku moja katika kila sita, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Ukianza Jumatatu, zamu inayofuata ni Jumapili, halafu Jumamosi, halafu Ijumaa, hivyo barabara haijui utaikuta siku gani. Ukiishi hivyo miaka mingi unajikuta una wiki yako mwenyewe, fupi kuliko ya watu wengine, inayoteleza ndani ya wiki yao bila kelele. Sikukuu za watu zinatupita, sisi tunaulizana, "Kesho ni siku ya pampu?" Nimewahi kuota nimepotea katika siku ya saba nisiyoijua jina, nikawa nazunguka maofisini kuuliza ni siku gani, na kila karani ananionyesha kichujio cheupe.

Rangi ya siku anaijua yeye kuliko mtu yeyote. Anashika kisahani kwenye mwanga wa korido na kusema hii ni Jumapili, kijivu chepesi. Hii ni mwisho wa mwezi, malori mengi. Hii ilinyesha alfajiri. Mimi naamini mizani tu, lakini sijawahi kumkuta amekosea.

Kitu kimoja zaidi nikieleze, maana ndicho kilichotutia matatani. Kila safari ya kwenda kizimbani, pamoja na kichujio cha kazi, Bwana Sita hubeba kingine ambacho hakiwekwi kwenye mashine kabisa. Kinakwenda ndani ya sanduku, kinaiona barabara, kinarudi. Nakipima nacho. Kikiongezeka uzito, najua uchafu umetoka mikononi mwetu wenyewe na si hewani. Tunakiita mtalii, kwa sababu kimesafiri lakini hakikufanya kazi. Mtalii mzuri hurudi mweupe pe.

Hatua sita kutoka kizimbani palikuwa na baraza la fundi cherehani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye pini midomoni muda wote, na pini hizo hazikumzuia kusema. Siku ya kwanza Bwana Sita alipofika na funguo zake, yule fundi alimwambia, "Kwa hiyo mnavuta hewa yetu bila hata kuomba?" Yeye akaangalia juu, akaomba kuazima kigoda ili afikie kichwa cha mashine. Baada ya hapo vifungo vya shati lake vikaanza kukatika kila baada ya siku sita. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuhesabu vifungo hivyo na kumwambia aende akaseme linaloeleweka. Walipooana nilikaa meza ya mbele, na toka siku hiyo Bwana Sita ananiita shemeji, nami namwita hivyo hivyo.

Huyo fundi alikuwa rafiki yangu. Alinishonea magauni yote niliyonayo ya maana, na kila akinipima kiuno alinong'ona namba ndogo kuliko iliyokuwa kwenye tepu. Nilikuwa namwambia mtu wa namna hiyo nisingemruhusu hata akae mlangoni kwangu. Alikuwa anacheka mpaka pini zinamwanguka.

Alifariki miaka saba iliyopita, siku ya pampu, saa tisa alasiri, akiwa amekaa kwenye cherehani yake. Moyo ulisimama. Mguu ulikuwa bado juu ya kikanyagio.

Kesho yake asubuhi, maiti ikiwa hospitali na ndugu wakiwa njiani, Bwana Sita alikwenda kizimbani akatoa kichujio, akakileta ofisini. Nilimwambia amerukwa na akili, kazi hiyo ingefanywa na yeyote. Alisema ufunguo anao yeye. Alikuwa amevaa shati la kijivu alilovaa juzi yake, mkono umeshonwa upya kwa uzi wa buluu, maana ule wa kijivu ulikuwa umemwishia mkewe. Akatia saini, akaondoka kwenda kuzika.

Nilipokifungua kisahani kile niliona vumbi zito, kijivu cha kukoza, na juu ya vumbi uzi mfupi wa buluu, urefu wa ukope. Taratibu zetu ziko wazi kabisa: uzi, unywele, mguu wa mdudu, vyote vinatolewa kwa kibano kabla ya kupima. Nimetoa maelfu. Ule sikuutoa. Nilikipima kichujio na uzi wake, nikaandika kwenye safu ya maelezo, "Kuna uzi mmoja wa buluu," nikafunika, nikazungushia utepe, nikauandikia tarehe, nikakitia kabatini pamoja na vingine. Hilo ndilo kosa langu, na kwa miaka saba sikumwambia mtu.

Sasa tuje kwa daktari.

Mwaka huu alikuja ofisini daktari wa watoto wa zahanati iliyo karibu na makutano yale. Ni mdogo wa umbo, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea katikati ya vilio. Alikuja na faili chini ya kwapa na jambo moja tu. Nyuma ya safu ile ya maduka, miaka saba nyuma, mtu mmoja alijenga tanuri la kuyeyusha betri chakavu za magari ili apate madini ya risasi. Tanuri liliwashwa msimu mmoja, majirani wakalalamika, likazimwa. Sasa mwenyewe ameomba kibali cha kuliwasha tena, kubwa zaidi, na kamati ya mji ilikuwa inakaa baada ya siku kumi na mbili.

"Watoto waliokuwa wachanga msimu ule sasa wako darasa la pili," daktari alisema. "Wapo wasioweza kushika herufi tatu mpaka jioni. Damu zao nimezipima, zina risasi. Mwenye tanuri anasema imetoka kwenye rangi za kuta, imetoka kwenye magari, imetoka popote ila kwake. Anataka nimwonyeshe hewa ya siku ile. Mimi hewa ya miaka saba nyuma nitaitoa wapi?"

Nilimwambia amekuja mahali penyewe.

Tulikaa na barua za malalamiko za majirani na daftari langu. Tanuri lilikuwa limewashwa mara tano. Katika hizo tano, siku nne pampu yetu ilikuwa imelala. Moja tu iliangukia siku ya pampu. Niliiona ile tarehe kabla ya kidole cha daktari kuifikia: ilikuwa siku aliyofariki yule fundi.

"Hiyo moja inatosha," daktari alisema. "Na vingine viwili vya siku ambazo tanuri lilikuwa limezimwa, tulinganishe. Maabara watavilowesha kwenye tindikali mpaka viyeyuke, kisha watasoma risasi iliyomo. Mashine za kusoma bila kuyeyusha zipo huko kwa wenzetu, hapa hatuna."

Nilikwenda kabatini. Kabati lile lina funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa Bwana Sita. Nikatoa kisahani chenye tarehe ile, kikiwa kimezungushiwa utepe, na utepe una mwandiko wa mtu aliyejitahidi kuiga wangu akashindwa kwenye namba nne. Ndani yake kichujio kilikuwa cheupe pe.

Nilimdanganya daktari. Nilisema kuna jambo dogo la kuweka sawa kwenye kumbukumbu, anipe siku chache. Mimi, ambaye nimewahi kumfukuza mkuu wa ofisi chumbani kwangu kwa sababu ya manukato.

Alasiri ile ile nilikwenda kwa Bwana Sita. Anaishi vyumba viwili nyuma ya lile baraza, na baraza lenyewe halijapangishwa kwa mtu mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa palepale karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni. Kelele za barabara zilikuwa zinaingia zikiwa zimepungua nguvu, kama redio ya jirani, na mwanga wa alasiri ulikuwa umejaa vumbi linaloelea taratibu, wala haliendi popote. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda kile cha siku ya kwanza, anakunywa chai.

"Karibu shemeji. Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa hasira."

"Basi kaa, zipumzike zote mbili."

Sikukaa. "Mtalii anafanya nini kwenye kisahani cha siku ile?"

Aliangalia juu. Nje lori lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka, vikatulia.

"Walikuwa wanasema vichujio vya zamani vitachomwa," alisema mwishowe. "Mwaka ule wa pili baada ya msiba. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Palikuwa na waraka wa kupunguza makabati. Nilipigana nao mpaka ukafutwa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba umefutwa.

Alinyanyuka, akafunua kitambaa, akavuta mtoto wa meza ya cherehani. Ndani mlikuwa na chaki za fundi, vigurudumu vya uzi, tepu ya kupimia, na kisahani changu, kimezungukwa na utepe wenye mwandiko wangu halisi. Akakiweka juu ya meza, hakunipa.

"Umewahi kukifungua?"

"Hapana."

"Shemeji, usinifanye mtoto."

"Sijakifungua. Ningekifungua kingeharibika. Mimi nimeshawahi kuharibu kichujio?"

Nilikuwa nimekuja kumkaripia mwizi, na mwizi ananitajia sifa zake za kazi, na sifa zenyewe ni za kweli. Nikavuta kiti nikakaa.

"Huo uzi haukutoka hewani," nikamwambia, maana nilitaka kumuumiza kidogo, nakiri. "Kichwa cha mashine hakipitishi hata mbu."

"Najua. Mimi ndiye ninayekisafisha."

"Basi ulidondoka kwenye mkono wa shati lako wakati unakiweka."

"Ndiyo. Na mkono wa shati aliushona nani?" Akazungusha kisahani taratibu kwa kidole kimoja. "Asubuhi ile ya kukiweka aliushona nikiwa nimelivaa. Aliniambia nisitikisike, nikatikisika, akanichoma. Akasema vizuri, angalau leo utanikumbuka mpaka ofisini." Kisha akaniangalia. "Na wewe shemeji, kwa nini hukuutoa?"

Niliuangalia utepe wenye mwandiko wangu.

"Sikuweza," nikasema.

Vumbi lile la kwenye mwanga likaendelea kuelea, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kujua uzito wake. Nilimweleza habari ya tanuri, ya watoto, ya siku moja iliyopatikana katika tano. Alikuwa anaijua nusu yake, maana watoto wenyewe ni wa pale mtaani, wengine walizaliwa mlango wa pili, na mkewe ndiye aliyewashonea nguo za kwanza kabla hata hawajajua kutembea vizuri. Alimtaja mmoja ambaye mama yake humtuma dukani na karatasi mkononi, kwa sababu akitumwa kwa mdomo anafika amesahau.

"Wakate nusu," alisema.

"Ni kidogo mno, na ni kimoja. Wanakiweka chote."

"Kikishayeyuka?"

"Kinakuwa maji."

Akafunika cherehani tena, pole pole, akinyoosha kila pembe. "Nipe mpaka siku ya pampu," alisema.

Siku ya pampu ilikuwa baada ya siku nne. Nilirudi nyumbani nikijilaumu kwamba sikukichukua palepale, kwa nguvu, mtu mwenyewe mwembamba. Ofisini nilipita mbele ya mlango wa mkuu mara tatu kwa siku. Ningeweza kumshtaki, na ingekuwa haki. Ningeweza pia kumwambia daktari kwamba kichujio kimepotea, na mambo yakaishia hapo, tanuri likawashwa, mimi nikaendelea kupima vumbi lake kwa usahihi mkubwa. Nilikuwa nakaa mbele ya mizani na kuangalia namba za mwisho zikihangaika kutafuta pa kusimama, hivyo hivyo na mimi.

Na kulikuwa na hofu nyingine niliyoificha hata kwake. Kichujio kilichokaa miaka mitano kwenye mtoto wa meza wa fundi cherehani, nani angekiamini? Mwenye tanuri angesema kimeingia chochote. Njia ilikuwa moja tu ya kumjibu. Uzito wake nilikuwa nimeuandika miaka saba nyuma, kwa kalamu isiyofutika. Kama Bwana Sita amesema kweli, kama hakukifungua hata siku moja ya upweke, uzito ungekuwa ule ule. Kama alikifungua, hata kugusa tu kile kiuzi kwa ncha ya kidole, mizani ingesema, na watoto wangekosa siku yao. Nani angekaa na kitu kile miaka mitano asikiguse? Mimi ningekigusa.

Siku ya pampu alifika saa mbili asubuhi. Alikuwa na sanduku lake la kazi, na ndani mlikuwa na kisahani kile, na pembeni yake mtalii. Alikuwa amekibeba kwa taratibu zote, kama kilichotoka kizimbani jana. Akasaini daftari la mapokezi, saa na tarehe. Kwenye nafasi ya "mahali kilipotolewa" aliandika, "Nyumbani kwangu."

Kichujio hakipimwi siku kinapoingia. Lazima kipumzike chumbani saa ishirini na nne, kifunuliwe kidogo, kizoee hali ya hewa ya mle ndani, ndipo kiwe tayari. Kwa kawaida mtu wa nje haruhusiwi kukaa na vichujio vinavyopumzika. Nikaweka kiti katikati ya milango yangu miwili, kwenye kile kijia kinachotosha mtu mmoja, nikamwambia akae hapo akitaka. Alikaa kutwa. Mle hamna sauti, hamna upepo, taa ni moja ya rangi ya maziwa. Kila nilipopita nilimkuta ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu, kifua kinapanda na kushuka kidogo kidogo ili asiisumbue hewa. Mara moja aliniuliza kama huwa nasikia kitu humu ndani. Nikamwambia nikikaa sana husikia damu yangu. Akaitikia kwa kichwa, akaona ni jibu zuri. Nilimfukuza jioni, saa ya kufunga.

Kesho yake nilipima mbele yake. Nilishusha kichujio juu ya sinia la mizani, na uzi wake juu yake, nikafunga kidirisha cha kioo, tukabana pumzi wote wawili bila kuambiana. Namba zikakimbia, zikapunguza mwendo, zikasimama. Nikafungua daftari la miaka saba nyuma. Tofauti ilikuwa mikrogramu mbili, na hata kichujio kisichotoka kabatini hutofautiana hivyo.

Hakukifungua. Hata mara moja. Nilitoka nje kwanza nikalie koridoni, maana machozi ni unyevu na mle ndani hayaruhusiwi.

Mengine nayasema haraka, kwa sababu siyo hayo ninayotaka kumalizia. Maabara walikuta risasi mara thelathini na zaidi ya zile siku mbili nyingine. Mwenye tanuri aliuliza kichujio kilikuwa wapi, na Bwana Sita akasimama mbele ya kamati akasema kilikuwa wapi na kwa nini, kwa sentensi mbili, halafu akaangalia juu mpaka mwenyekiti akadhani bado anaendelea. Mimi nikaweka mezani namba mbili za uzito, ya zamani na mpya. Kibali kikakataliwa. Mwenye tanuri amehamia mahali pengine nisipopajua, na hilo linaninyima raha. Bwana Sita alipewa barua ya onyo na kunyang'anywa ufunguo wa kabati, na funguo zote mbili sasa ninazo mimi. Mimi nami niliandika barua yangu kuhusu uzi ambao sikuutoa. Mkuu aliisoma, akanirudishia, akasema hajaelewa kosa ni lipi.

Ninalotaka kumalizia ni asubuhi ile, kabla kichujio hakijakwenda kwa daktari. Baada ya kupima nilimwambia Bwana Sita abaki. Taratibu zinasema uzi unatolewa, na safari hii nilikuwa nazifuata. Nilichukua kibano, nikainama, nikaushika ule uzi kwa ncha yake, nikaunyanyua.

Chini yake palikuwa na mstari mweupe. Mwembamba, urefu wa ukope, umepinda kidogo kama ulivyopinda uzi. Kote kulikuwa na moshi wa tanuri na wa malori ya siku nzima, na pale tu palikuwa peupe, kwa sababu uzi ulitangulia kufika, ukalala pale kutwa nzima vumbi likishuka juu yake.

Aliinama mpaka karibu paji lake la uso liguse kioo, nami sikumkaripia.

"Hapa halikufika," alisema.

"Halikufika."

Nilichukua kile kichujio cheupe, yule mtalii aliyekaa kabatini miaka yote badala ya mwenziwe, nikaulaza uzi juu yake. Alipoona nataka kufunika akaniuliza una uzito gani. Nikaupima. Namba zilihangaika muda mrefu kuliko kawaida.

"Mikrogramu arobaini na moja."

"Ni nyingi?"

Kwa watu wengine hata hazihesabiki. "Kwa mizani hii ni nyingi sana," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akapokea kisahani kwa mikono miwili. Mimi nikavuta daftari langu la miaka saba nyuma, nikapiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani ili iendelee kusomeka, nikaandika mpya pembeni yake, pungufu kwa arobaini na moja, nikasaini. Kisha kwenye safu ya maelezo, chini ya yale maneno yangu ya kwanza, nikaandika: "Uzi umetolewa. Umekabidhiwa mwenyewe."